Nchi Iliyokatwa kwa Msumeno

2 Februari

Mdogo wangu Nukta,

Usishtuke kuona mwandiko wangu kwenye bahasha. Hakuna aliyekufa. Mama mzima, goti linamsumbua kama kawaida na ulimi wake hausumbuliwi na chochote. Nimeandika barua kwa sababu simu mmoja wetu angeikata, na wote tunajua nani ana tabia hiyo. Haya, ni mimi.

Nusu yangu ya meza ya Baba imesimama ukutani hapa chumba cha kushonea tangu siku ile tulipoikata. Niliifunika shuka. Jana alikuja bibi harusi kupima gauni, akaitazama weee, mwisho akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, kuna mtu pale?" Nilicheka mpaka nikatema pini zote. Alipoondoka nikaifunua, nikailaza juu ya viti viwili, nikapiga magoti na kuweka shavu langu usawa wa mbao. Zile reli ndogo za treni yake ya kuchezea zinaanza pale msumeno ulipopita, zinapinda taratibu vile Baba alivyozipinda, kisha zinarudi palepale msumeno ulipopita. Zinatoka hewani na zinaishia hewani.

Unakumbuka alivyokuwa akisema? Maisha yake yote aliinua na kushusha geti la reli, treni zikimpita mbele ya pua, na yeye hajui zinakotoka wala zinakokwenda. "Mimi kazi yangu reli," alisema. "Nchi mtaijaza nyinyi." Meza nzima hakupanda hata mti mmoja. Na sisi badala ya kuijaza tukaipasua.

Sasa sikia. Treni yenyewe, ile ndogo ya ufunguo, iko kwa Mama. Nilipokwenda kumwona nikamkuta ameishika mkononi, ameitia ufunguo, magurudumu yanazunguka hewani mpaka ufunguo unaisha, kisha anautia tena. Akaniambia anataka kuiona ikizunguka kwenye reli, mara moja tu, maana mikono imeanza kumtetemeka na hajui macho yatafuata lini. Unamjua, akishasema amesema.

Basi ninachotaka ni hiki: wewe jaza nusu yako, na mimi nijaze yangu, halafu tuziunganishe kwake. Sikusema nimekusamehe kwa kuja Baba akiwa ameshafunikwa udongo. Nasema tupande miti.

Dada yako,
Sindano

19 Februari

Dada Sindano,

Shikamoo. Barua yako imenikuta na kioo cha kukuzia jichoni, nafungua saa ya mtu, kwa hiyo niliisoma hivyohivyo na kila neno likawa kubwa kama nyumba. Lile la "sikusema nimekusamehe" lilijaza duka zima. Nimelisikia. Na mimi sikusema kwamba nilistahili yale uliyoniambia mbele ya watu. Tuyaweke kando, tupande miti kama ulivyosema.

Nusu yangu haikuvikwa shuka. Iko chini ya kitanda changu huku nyuma ya duka, kwa hiyo mwaka mzima nimelala juu ya reli. Kuna siku naota godoro linasogea. Linaondoka polepole, linapita katikati ya saa zilizosimama za wateja, zote zinaonyesha nyakati tofauti, na mimi sina haraka na wala siulizi tunakwenda wapi. Nikiamka miguu imepata baridi na nina furaha ambayo siwezi kumweleza mtu.

Nilikuwa nikimshikia Baba misumari mdomoni wakati anazipigilia reli hizo. Wewe hukuwa unapenda, ulisema zinanuka mafuta. Ndiyo maana siku ile niliitaka meza. Wewe uliitaka kwa sababu ndiwe uliyemuuguza. Wote tulikuwa na haki, na ndio ubaya wa jambo lenyewe. Lakini umewahi kufikiri tulivyoikata? Mama katuletea ule msumeno wa mikono miwili, akasimama mlangoni na taulo begani. Ukivuta naachia, nikivuta unaachia. Sijawahi kufanya kazi na mtu kwa kupatana namna ile.

Sasa maswali ya fundi. Nchi yetu ni msimu gani? Maana ukipanda wewe masika na mimi nikapanda kiangazi, treni itavuka kutoka matope kuingia vumbi kwa hatua moja, na abiria watatucheka. Na ni saa ngapi huko? Kwangu ningependa iwe alasiri, jua limeshalegea.

Mdogo wako,
Nukta

14 Machi

Nukta,

Marahaba. Iwe alasiri, na mvua iwe imenyesha jana. Nyasi zimeamka lakini njia imeshakauka, mtu anaweza kutembea na viatu vyake vizuri.

Nimeanza na vilima. Nimekunja waya wa wavu, nikaufunika magazeti yaliyolowa kwenye gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka, na siku ya tatu chumba kikanuka uji uliochacha. Mteja mmoja kaniuliza kama nimeacha ushonaji. Nikamwambia la, ninashona mlima. Kilima cha kwanza kilitoka kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, nikakiacha hivyo, kimenipendeza. Udongo ni majani ya chai. Nayakausha dirishani baada ya kunywa, nayachekecha, nayamwaga juu ya gundi mbichi. Nyasi ni unga wa mbao wa fundi seremala wa jirani, nimeuchovya rangi ya kijani na njano kidogo, maana kijani kitupu kinafanya nchi ionekane imepakwa. Nakutumia kidogo kwenye karatasi humu ndani. Linganisha na yako, tusije tukaaibishana pale katikati.

Vichaka ni sponji la kuogea nililolikatakata. Kuna kimoja kimekaa peke yake kwenye kona ya reli, sijui kwa nini nilikiweka pale. Nilipokitazama kwa usawa wa macho nikaona kivuli chake kimelala juu ya njia, na nikahisi mtu amepita sasa hivi, kama ningewahi kidogo ningemwona mgongo.

Kuna kitu siwezi. Geti siliwezi. Nimekata kijibanda cha kadi, nimekata na mti wa kuzuia barabara, lakini kila nikitaka kumsimamisha Baba mwenyewe pale mlangoni mkono unagoma. Nimemuosha mtu huyo, Nukta, nimemlisha, namjua uzito wake. Siwezi kumfanya awe na urefu wa kijiti cha kiberiti.

Nimekutumia kibanda na mti wake. Vitie wewe.

Sindano

10 Aprili

Dada,

Vimefika salama, nimeviweka. Lakini hakuna mtu.

Ngoja nikueleze kabla hujakasirika. Nimejenga mji mdogo kwanza. Nyumba ni viberiti, mabati ni karatasi ya ndani ya pakiti ya chai, niliikunja kwa kuipitisha juu ya kitana. Bwawa ni kioo cha saa kubwa ya ukutani, chini yake nimepaka rangi ya samaki, si samaki wenyewe, rangi tu, ukikitazama unadhani kuna kitu kimepita. Nguzo za taa ni pini ulizosahau kwa Mama. Na kwenye paa la kituo nimechimba tundu, nikatia saa ya mkononi ya kike, ile ndogo kabisa, na inatembea. Ndicho kitu pekee kinachotembea katika nchi yangu. Mchana duka likitulia ninaisikia.

Baadaye nikaweka kibanda chako na geti lake, nikaliinua, nikaliacha wazi. Nikachonga mtu kweli, kwa kijiti cha kiberiti, na kofia yake. Nilipomsimamisha pale mlangoni niliona ninamrudisha kazini. Basi nikamwondoa. Geti liko wazi, kiti chake kiko nje, na bendera yake imeegemea ukuta. Amepanda treni. Amekwenda kuona inakokwenda.

Sikuweza kumtupa, kwa hiyo nakutumia. Yumo kwenye hiki kichupa cha dawa, nimemzungushia pamba. Huko kwako ndiko treni inakokwenda. Mpokee.

Unga wako wa mbao ulikuwa na njano zaidi ya wangu. Nimeurekebisha wangu.

Nukta

3 Mei

Mdogo wangu,

Amefika.

Nilimshika kiganjani siku nzima, nikawa nashona kwa mkono mmoja. Nimemwekea kituo cha mwisho, kidogo tu, hakina jina, na benchi chini ya kile kichaka cha peke yake. Nimemkalisha. Kwa kuwa hakuchongewa magoti ilinibidi nimkate kidogo, nikamwomba radhi. Kofia nimeivua nikamwekea kando yake. Mtu anayevua kofia amefika, hana tena mahali pa kuwahi.

Jana nililala kitako kwenye kiti, kichwa juu ya meza, na nikaota ninatembea kwenye njia ya majani ya chai. Ilikuwa laini na ilinukia. Alikuwa amekaa pale benchini, akanisogezea nafasi bila kugeuka, akasema, "Kumbe ni mbali." Basi, hilo tu. Niliamka na nyasi shavuni.

Nilikuwa nimekukasirikia sana, Nukta. Bado nimekukasirikia kidogo, lakini imekuwa kama pini iliyosahaulika kwenye pindo, mpaka ugeuke vibaya ndipo inachoma.

Mama anasema tupange siku. Jumamosi ya tarehe 26 Juni inanifaa. Wewe je?

Sindano

9 Juni

Dada,

Jumamosi ya tarehe 26 ni sawa. Nimeshamwandikia Mama, amejibu kwa neno moja: "Haya."

Lakini kuna tatizo, nimeligundua jana wakati napima. Msumeno una unene, Dada. Tulipokata hatukukata tu, ulikula. Ule unga wote uliomwagika sakafuni ulikuwa meza. Kwa hiyo tukiziweka nusu zetu pamoja, reli hazitakutana sawasawa, zitapishana kidogo, na treni ya Baba haitaki hata unywele.

Suluhisho ninalo. Pale katikati tuweke mto, na juu ya mto daraja lenye reli mpya mbili, ya kwenda na ya kurudi. Niachie mimi. Wewe rudisha reli zako nyuma upana wa kidole kimoja tu, chonga ukingo wako uwe kama wa mto, mengine yote yangu. Usijisumbue na daraja, umeshashona mlima.

Nukta

9 Juni

Nukta,

Nimeweka rula ukingoni na nimeona jambo. Ule msumeno ulitafuna mbao! Reli zetu hazitakutana sawasawa. Usihangaike, nimeshafikiria: patakuwa na mto hapo, na mimi nitatengeneza daraja, nina waya mzuri na satini ya bluu iliyobaki kwenye gauni la yule bibi harusi. Wewe kata tu reli zako kidole kimoja nyuma na uchonge ukingo. Daraja niachie mimi. Mikono yako imezoea vitu vidogo mno, daraja ni kazi ya mtu mwenye nguvu.

Tuonane tarehe 26. Nimeandika neno hilo na nimelitazama muda mrefu.

Sindano

1 Julai

Wanangu,

Nimeandika barua moja nikainakili, kila mtu apate yake, asije mmoja akasema mwenzake kapendelewa.

Tulisema Jumamosi. Nukta alikuja Alhamisi. Alileta nusu yake na mbebaji, akanywa chai amesimama, akasema duka halina mtu, akaondoka. Sindano alikuja Jumatatu, ati gauni la mteja lilichelewa. Akaiegemeza ya kwake ukutani na shuka lake, hata ya mdogo wake iliyokuwa pale hakuifunua, akasema atarudi siku nyingine. Jumamosi yenyewe nilikaa sebuleni na gauni langu la bluu, nimepika chakula cha watu watatu. Nimekila peke yangu mpaka Jumanne. Mmekwepana kama watoto waliovunja kikombe.

Basi nikamwita fundi rangi wa nyumba ya pili na mke wake, tukazilaza nusu zote mbili sambamba mezani. Sikilizeni, sijui kusifu, baba yenu alijua hilo. Nilivuta kiti nikakaa. Nilikaa mpaka chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Nyasi zimelingana. Mtu hawezi kusema hapa anaishia Nukta na hapa anaanza Sindano. Nimeona geti lililo wazi, nimeona na benchi. Nililia, ndiyo, na yule fundi rangi akajifanya anatazama dari.

Lakini katikati, wanangu, kuna mto wenye kingo mbili nzuri na hauna daraja. Nimetafuta kwenye mifuko, nimetafuta chini ya shuka. Hakuna. Kila mmoja kakata reli zake kwa adabu na kumwachia mwenzake. Pengo lenyewe linaingia mkono wangu mzima.

Nilikuwa nimengoja zaidi ya mwaka, sikuwa tayari kungoja tena. Nikaitia treni ufunguo, nikaiweka kituoni. Ikaondoka chini ya ile saa ndogo, ikapita nyumba, ikapita geti, ikafika ukingoni, nikaidaka. Nikaivusha kwa mkono, nikaiweka ng'ambo. Ikaendelea, ikapanda kwenye mgongo wa ng'ombe, ikapita mbele ya baba yenu amekaa na kofia yake kando. Ikarudi mpaka mtoni, nikaidaka tena. Kila mzunguko mara mbili. Abiria wa nchi hiyo lazima wanasimulia huko majumbani kwao, kwamba kuna mahali ukifika mkono wa bibi kizee unatoka mawinguni.

Nimefanya hivyo kila alasiri. Nimefurahi, sitawadanganya. Kuna wakati nasahau kwamba nimekaa sebuleni.

Lakini jana mkono ulitetemeka na behewa la mwisho likaanguka mtoni. Halikuvunjika. Siwaambii ili mje mnililie. Nawaambia kwamba daraja mlilonalo limechoka, na ni moja tu.

Mama yenu

5 Julai

Nukta,

Gauni halikuchelewa. Liliisha Ijumaa na mwenyewe alilichukua Ijumaa. Jumamosi niliamka, nikavaa, nikakaa kitandani na viatu miguuni mpaka jioni. Kwenye barua naweza kukuambia lolote, lakini nilipofikiri utaingia mlangoni na masikio yako yale ya Baba, sikujua nitaanza kukupiga kofi au kukushika shingo. Niliogopa vyote viwili.

Barua yako ya tarehe 9 ilinifikia tarehe 15. Nikasema mtoto wa watu kaomba daraja, nimwachie, amekuwa mtu mzima. Nikakata reli zangu kidole kimoja kama ulivyotaka. Vile vipande sikuvitupa, vimo kwenye kopo la vifungo.

Sasa ni zamu ya nani kutengeneza hilo daraja? Ukisema wewe nitakubali, na nikisema mimi utakubali, na Mama ataendelea kuvusha watu.

Nitafika kwake Jumamosi ya tarehe 17. Nikiwa na gauni au sina.

Sindano

10 Julai

Dada Sindano,

Shikamoo, na masikio yangu yanakusalimu.

Duka lilikuwa na mtu. Kuna binti wa jirani ananishikia kila nikitoka. Alhamisi ile nilikuwa na Mama muda wa kikombe kimoja, na kila mlango ulipolia nilidhani ni wewe umekuja mapema kama mimi. Nilitamani iwe wewe, na nilikunywa chai ya moto haraka mpaka nikaungua ulimi ili nisikukute.

Vipande vyangu viko kwenye kisahani cha skrubu za saa. Nimepima. Kidole changu na kidole chako tukiviunganisha, reli karibu zinakutana. Kinachobaki ni kile msumeno ulichokula, na hicho hakuna mwenye nacho, kilifagiliwa siku ileile na Mama akakitupa nje. Sijui tutakizibaje. Usitengeneze chochote, na mimi sitatengeneza. Tusipime tena kwa barua. Lete kopo lako na satini yako, mimi nitaleta kisahani na koleo, tukae huku na huku kama siku ya msumeno.

Tarehe 17 nitakuwa pale. Ukifika wa kwanza, nifungulie mlango. Nikifika wa kwanza mimi, sitaondoka.

Mdogo wako,
Nukta